Tuliandaliwa kwa ekdisi kwa pesa nyingi: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya mwalimu

Juzi binamu yangu wa Mombasa kanirushia kotesheni wasapu, PDF ya kurasa kumi na moja, chini kaandika tu "kaka hebu tazama, ni kweli ama twaibiwa?" Yuko ofisini kwenye kampuni ndogo ya meli za mizigo, meli mbili, zinapiga Mombasa, Moroni, Mahajanga na wakipata mzigo mzuri zinapanda juu mpaka Berbera. Kuna watu wamewaendea na suti zao wakawaambia dunia nzima inahamia S-100 (mfumo mpya wa ramani za bahari za kidijitali, zinazosomwa na ekdisi, mashine ya ramani ya melini) na msipojiandaa sasa hivi meli zenu zitafungwa kamba bandarini. Nimemjibu kwa voisi noti tatu ndefu ndefu, ya nne nikaona bora niandike tu, mana sio wa kwanza kuniuliza na hii kitu nimeipitia mwenyewe, pesa ililipa kampuni lakini jasho lilikuwa langu.

Mwaka 2015 nilikuwa sekendi meti kwenye meli ya mafuta, kampuni ya watu wa Sharjah, meli tatu za wastani, tunapakia dizeli na petroli Fujairah tunashusha Mombasa, Dar, mara mojamoja Beira. Sekendi meti kwa asiyejua ndo mwenye chati zote melini, yaani ramani za bahari, chati ikiwa na kosa ni shingo yako. Kwahiyo ofisi ilipoajiri wataalamu wa kutuandaa kwa ekdisi, mi ndo nikawekwa katikati, mguu mmoja briji (chumba cha kuongozea meli) mguu mmoja ofisini. Jina la hao wataalamu silitaji na msinifuate inboksi, mengine walifanya vizuri, mengine walituaibisha, na miaka imepita.

Kwa wasio mabaharia kidogo tu. Ekdisi sio Google Maps ya baharini. Ni mashine iliyoidhinishwa, inachukua chati rasmi za kidijitali zinazotolewa na serikali za nchi, inaunganisha na GPS, dira ya gairo, rada, spidi, meli yako inaonekana inatembea juu ya chati na ikikaribia maji madogo inatakiwa ikupigie kelele kabla hujafika. IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, walibadilisha SOLAS, mkataba wa usalama wa meli, mwaka 2009, ikaanza nguvu Januari 1, 2011, alafu ikaja kwa mafungu kuanzia Julai 2012 mpaka Julai 2018, meli mpya kwanza, za zamani baadae. Sisi wenye meli za mafuta za zamani kuanzia tani 3,000 tulitakiwa tuwe tumefunga kabla ya ukaguzi wa kwanza baada ya Julai 1, 2015. Meli za mizigo kubwa kubwa zikafuata 2016, 2017 na 2018 kulingana na ukubwa. (Hizo tani ni za ukubwa wa meli sio uzito wa mzigo, watu wanachanganya kila siku.)

Kabla ya hapo maisha yetu yalikuwa karatasi. Droo za chati nyuma ya briji, rula sambamba, bikari, penseli laini, na kalamu ya wino wa zambarau ya kufanyia masahihisho. Kila wiki inakuja notisi kwa mabaharia, boya limehamishwa, taa imebadilishwa rangi, kina kipya kimepimwa, unakaa pale meli inayumba unachora kitobo kwa kitobo kwa mkono, unaandika namba ya notisi pembeni chini kushoto. Chati mia na kitu! Mi sikuwa naipenda kazi ile lakini nitasema ukweli, ukishasahihisha chati kwa mkono unaijua. Fungu hili liko hapa, mwamba ule una mita tatu juu yake, hausahau. Mashine inafanya kazi ya siku mbili kwa dakika kumi, na wewe hujui imebadilisha nini.

Haya. Walichotuuzia kilikuwa na vipande vitatu, kuiandaa ofisi, darasa la maofisa, na kuizoea mashine yenyewe iliyofungwa melini. Vipande havikulingana hata kidogo.

Ofisi. Walikuja watu wawili, mmoja anaongea mmoja anaandika, wakapita meli zote na orodha ya maswali. Hapa niwape haki yao, ushauri wa kwanza waliotoa ulikuwa dhahabu. Tajiri alitaka kufunga ekdisi moja kila meli na chati za karatasi zibaki kama akiba, mana sheria inaruhusu, akiba inaweza kuwa ekdisi ya pili au chati za karatasi za kutosha kwa safari. Wakamkalisha wakamwambia mzee, ukibaki na karatasi kama akiba maana yake sekendi wako atafanya kazi mbili, ataapdeti mashine na atasahihisha karatasi vilevile, na siku amechoka ataacha kimoja, na atakachoacha ni kile ambacho hakijaangaliwa na mtu. Funga mbili, kila moja na njia yake ya umeme na betri ya kuishikilia taa zikikatika. Tajiri alinuna siku nzima lakini akafunga mbili. Mpaka leo nawashukuru.

Pia walimlazimisha yeye mwenyewe na suprintendenti wake kukaa darasani siku moja. Hili sijaliona sehemu nyingine. Kabla ya hapo ofisi ilikuwa inadhani ekdisi ni kama tivii, unanunua, fundi anafunga, kwisha. Siku ile walielewa kwamba chati zenyewe ni za kulipia kila mwaka, na kwamba njia ya safari ikibadilishwa ghafla lazima mtu anunue vibali vya chati za huko kabla meli haijafika, sio unampigia nahodha saa nane usiku unamwambia geuza nenda Beira.

Lakini ule mwongozo jamani. Walituandikia kitabu cha taratibu cha kuingiza kwenye mfumo wa usalama wa kampuni, kurasa themanini na kitu, rangi nzuri, nembo yetu juu. Nikaanza kusoma usiku kwenye zamu ya nanga. Ukurasa wa ishirini nakutana na maelezo ya kukagua vifungo vya makontena kabla ya kuingia hali mbaya ya hewa. Sisi meli ya mafuta! Makontena ya wapi? Mbele kidogo kuna jina la meli ambayo sio yetu, wamesahau kulifuta. Walichukua kitabu cha mteja mwingine wakabadilisha nembo. Na humo ndani kulikuwa na sentensi moja iliyokuja kututesa: seifti kontua iwekwe mita 30 kwa meli zote.

Niieleze hiyo mana ndo roho ya mashine. Seifti kontua ni mstari wa kina unaouambia mashine uchukulie kama ukuta, ndani ya huo mstari maji ni hatari, nipigie alamu. Unaupata kwa hesabu sio kwa kubahatisha. Tuseme drafti yetu (sehemu ya meli iliyozama majini) mita 9.2, meli ikienda kasi kwenye maji madogo inazama kidogo tuseme 0.8, weka akiba ya mita moja na nusu chini ya tumbo, unapata 11.5. Basi unaweka 12. Sasa kitabu kinakwambia 30. Niambie utaingia bandari gani ya Afrika Mashariki na ukuta wa mita 30? Ukifuata kitabu, mashine inapiga kelele toka maili kadhaa nje mpaka unafunga kamba gatini.

Na hata ukiweka 12 yako sahihi bado kuna mtego, ambao kwenye kitabu haukuandikwa kabisa. Chati nyingi za kidijitali zina mistari michache tu ya kina, mita 5, 10, 20, 30. Ukiiambia mashine 12 inatafuta mstari wa 12, haupo, inaruka kwenda mstari unaofuata wenye kina zaidi, yaani 20. Kwahiyo maji yote ya mita 13, 15, 18 ambayo unapita bila shida yanapakwa rangi ya hatari sawa na mwamba wenye mita mbili. Tulivyoingia mara ya kwanza na ekdisi, kioo kizima bluu, alamu haikomi, rubani yuko briji anashangaa, na nahodha wetu mtu mpole kabisa akageuka akasema, "Sekendi, nyamazisha hilo dude." Nikanyamazisha. Ningefanyaje?

Ndo unavyozoea kunyamazisha. Septemba 18, 2013 meli ya kemikali inaitwa Ovit, imetoka Rotterdam na mafuta ya kula inaelekea Brindisi, ilipanda fungu la Varne pale mlango wa Dover. Wachunguzi wa Uingereza walikuta mpango wa safari ulipita juu ya fungu lenyewe, ulichorwa na ofisa mdogo asiye na uzoefu na hakuna aliyemsimamia, alamu ya sauti ya ekdisi ilikuwa imezimwa, na ofisa wa zamu alichukua dakika 19 kugundua kwamba meli imekwama. Dakika kumi na tisa umekaa juu ya mchanga unaangalia skrini! Na wale maofisa walikuwa wamesoma kozi. Vyeti wanavyo.

Baadae mi nilijifunza kufanya hivi, naacha seifti kontua pale inaporukia, alafu nachora kwa mkono eneo la hatari ninalolitaka, kipande kwa kipande, pande zote mbili za njia, na ile namba nyingine ya kina cha usalama naiweka 12 ili vina vyote vilivyo chini ya hapo vionekane kwa wino mzito. Inachukua saa nzima ya ziada kwenye mpango wa safari. Lakini alamu ikilia unajua imelia kwa sababu. Hii sikufundishwa na wale wenye kitabu, nilifundishwa na mwalimu wa darasani, ndo twende kwake.

Darasa lilikuwa siku tano, saa 40, ile kozi ya IMO namba 1.27 ambayo kila ofisa wa sitaha kwenye meli yenye ekdisi lazima awe nayo tangu marekebisho ya Manila ya STCW, mkataba wa mafunzo ya mabaharia. Siku mbili za mwanzo slaidi mpaka macho yanauma. Chakula kizuri lakini, biriani siku ya pili, nakumbuka hilo kuliko historia ya S-57, ule mfumo wa chati za kidijitali uliotangulia S-100. Mwalimu alikuwa kapteni mstaafu, Mhindi wa Kerala, mfupi, sauti ya chini, na kuanzia siku ya tatu alipotuingiza kwenye simuleta ndo nikaona thamani ya pesa.

Tulikuwa madawati manne, watu wawili wawili. Mi nilipangwa na chifu meti wetu, mzee wa Kizimkazi, umri wa baba yangu, mtu aliyeanza bahari kwenye jahazi la mjomba wake akitia bildi, ile risasi iliyofungwa kamba na kupakwa shahamu chini ili ikigusa itoke na mchanga au tope ujue uko juu ya nini. Kompyuta alikuwa anaiogopa, mausi anaishika kama ameshika kaa. Siku mbili nzima mi ndo nilikuwa nabonyeza, yeye amekunja mikono.

Siku ya nne, zoezi la usiku, mlango wa Singapore, taa za meli kila upande. Kila kitu kinaenda vizuri, meli yetu iko katikati ya njia kwenye skrini, msalaba wa GPS umetulia, mi nafurahia. Mzee yuko dirishani, yaani ule ukuta wa skrini unaoonyesha nje, kashika kile kifaa cha kupimia mwelekeo. Akakaa kimya muda. Alafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza chumvi iko wapi, "Mwanangu, mbona huu mnara umehama?"

"Mnara upi mzee?"

"Huu wa Horsburgh. Kwa dira uko pengine, kwa dude lako uko pengine."

Nikamwambia labda umesoma vibaya. Akapima tena. Pale pale. Nikawasha picha ya rada juu ya chati, na kweli, mwangwi wa rada umekaa pembeni ya mnara uliochorwa, umesogea kama robo maili, na kila kitu kingine kimesogea vilevile. Mwalimu alikuwa anaihamisha GPS kidogo kidogo toka dakika ishirini nyuma bila kusema. Hakuna alamu iliyolia, mana kwa mashine GPS ilikuwa nzima tu, inatoa namba safi. Madawati mengine mawili yalipanda mwamba wakiwa wanaamini wako katikati ya njia, na la tatu waliongozwa na bahati.

Mwalimu akasimamisha zoezi, akamwita mzee mbele, akamwambia awaeleze vijana alichofanya. Mzee kaona haya, kasema tu mi nimeangalia nje. Yule mwalimu akacheka mpaka akakaa. Toka siku hiyo mzee akawa anabonyeza mausi mwenyewe, na mi nikawa naangalia nje.

Hilo zoezi peke yake lilikuwa na thamani kuliko kitabu chote cha kurasa themanini. Na wakati ule tulidhani ni mchezo wa darasani, leo hii muulize baharia yeyote anayepita Hormuz au Bahari Nyekundu kuhusu GPS kurukaruka, meli inaonekana iko uwanja wa ndege.

Sasa kipande cha tatu, kuizoea mashine yenyewe. Hapa walichemka. Sheria ya meli inataka ofisa awe anaijua ile mashine iliyo kwenye briji yake, sio ekdisi kwa ujumla, na ni haki kabisa, mana Furuno ana menyu zake, JRC zake, Transas (Wärtsilä waliinunua 2018) zake, kitu kilekile kinaitwa jina lingine na kimefichwa sehemu nyingine. Darasani tulijifunza kwenye mashine ya kampuni moja, melini imefungwa ya kampuni nyingine. Wao suluhisho lao likawa diski, unaiweka kwenye laptopu, unabonyeza endelea, endelea, endelea, mwisho maswali ishirini, cheti kinatoka kwenye printa. Thedi meti wetu alimaliza kwa dakika arobaini huku anaangalia mpira. Alipata asilimia 95. Usiku wa kwanza baharini akaniamsha saa saba mana hajui jinsi ya kurudisha skrini ioneshe meli yetu, alikuwa ameburuta chati mpaka Sri Lanka.

Miezi michache baadae akapanda mkaguzi wa bandari, sisemi nchi gani. Vyeti aliviangalia sekunde tano. Akamwambia thedi meti nioneshe chati hii imeapdetiwa lini, alafu nioneshe umeweka seifti kontua ngapi na kwanini. La kwanza akalipata kwa kutafuta. La pili akasema mita 30 kwa sababu kitabu kimesema. Mkaguzi akaniangalia mi. Sitaki kukumbuka.

Alafu vibali. Hii ndo sababu kubwa ya kuwapunguzia nyota. Chati za kidijitali zimefungwa kwa siri, kila mashine ina namba yake na vibali vinatolewa kwa namba hiyo tu. Hao wataalamu ndo walichukua jukumu la kutuagizia mara ya kwanza kwa meli zote tatu. Tuko nanga Fujairah, mzigo umejaa, tumepangiwa kuondoka Alhamisi jioni, naingiza vibali, mashine inakataa. Narudia, inakataa. Nabadilisha flashi (kwanza nilikuwa nimemshuku chifu injinia na muvi zake), inakataa. Saa mbili baadae nikaweka zile karatasi mbili pembeni kwa pembeni nikaona, wamebadilisha namba zetu na za meli ndugu yetu. Vibali vyetu viko kwao, wao wako Hormuz na vibali vyao viko kwetu.

Napiga ile simu waliyoandika "saa 24 siku saba". Ijumaa imeingia, na Ghuba wakati huo wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Inaita mpaka inakatika. Tulikaa nanga saa kumi na nne mpaka mtu wa ofisi yetu mwenyewe alipompata ajenti wa chati, faili jipya likaja kwa imeili ya setelaiti, polepole kama maji ya dafu yakichuja kwenye kitambaa. Ofisi ikaniandikia mi barua ya kujieleza. Mi!

Kwahiyo nyota zangu ndo hizo. Ushauri wa mwanzo na darasa vizuri, darasa vizuri sana kwa sababu ya mtu mmoja. Kitabu, diski na vibali ovyo. Ukitaka kujua kampuni ya kukuandaa kama ni nzuri usiulize wana vyeti vingapi, uliza nani anafundisha, alikaa briji miaka mingapi na aliacha lini, na kama simuleta yao ina mashine ileile uliyofunga wewe. Kama haina, walipe waje wapande meli safari moja ya siku mbili tatu wafundishe watu kwenye mashine yao, usiku, kwenye zamu. Ni ghali. Saa kumi na nne za meli ya mafuta kukaa nanga ni ghali zaidi, na hapo hujagusa mwamba.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya zamani, siku hizi watu wameelewa. Julai 25, 2020 pale Mauritius, majirani zetu kabisa, meli ya mizigo Wakashio ilipanda mwamba karibu na Pointe d'Esny na mafuta karibu tani 1,000 yakamwagika. Wenye kuikodi, MOL, walieleza wenyewe mwezi Desemba mwaka ule, siku mbili kabla ya ajali njia ilibadilishwa kutoka maili 22 mpaka maili 5 toka pwani, siku yenyewe wakajaribu maili 2 ili simu zishike mtandao, na chati waliyokuwa wanatumia haikuwa na ukubwa wa kutosha kuonyesha kina na umbali wa pwani vizuri. Ingenunuliwa ile chati ya karibu wangeona. Ni faili dogo, na ofisi iliyoandaliwa vizuri inamzoesha nahodha kuomba chati bila kuogopa bili.

Na kwa pwani zetu kuna kitu kingine ambacho muuzaji hakwambii, chati ya kidijitali inaonekana safi, mistari myembamba, rangi nzuri, ukiikuza inakuzika, lakini vina vilivyomo vinaweza kuwa vimepimwa miaka mingi sana iliyopita kwa bildi kama ya mzee wa Kizimkazi. Kwenye chati kuna alama za nyota zinazoonyesha uaminifu wa vipimo, daraja A1 ni mahali kumepimwa vizuri kosa la mita 5 tu la mahali, daraja C kosa linaweza kufika mita 500, na D ni mbaya kuliko hapo. Mita mia tano! Wewe umekaa unajisifu GPS yako ina kosa la mita tatu. Watu wengi huzima hizo alama mana zinachafua kioo. Washeni mkiwa mnapanga safari, angalieni njia yote, alafu ndo mzime.

Sasa turudi kwa binamu. Nimesoma hiyo kotesheni yote. Kwanza wamemtisha bure. Meli zake ni za mizigo, za miaka ya tisini, kama tani elfu nne na kitu. Kwa SOLAS meli za mizigo za zamani zilizo chini ya tani 10,000 hazikuingizwa kabisa kwenye lazima ya ekdisi, kwa ukubwa huo lazima ni kwa za mizigo zilizojengwa kuanzia Julai 1, 2014 zenye tani 3,000 kwenda juu. Bendera yake, yaani nchi ilikosajiliwa meli, inaweza kudai zaidi, hilo aulize mamlaka yake kwa barua, sio kwa mtu wa suti. Pili S-100 yenyewe, ni kweli inakuja, toka Januari 1, 2026 mashine za aina hiyo zimeruhusiwa kutumika na kuanzia Januari 1, 2029 ekdisi mpya inayofungwa lazima iwe ya S-100. Inayofungwa mpya. Sio kwamba iliyopo inang'olewa siku hiyo.

Na ni kitu kizuri, sipingi. Chati mpya za S-101, juu yake unaweza kuweka vipimo vya chini ya bahari kwa ukaribu, S-102, na maji kupwa na kujaa S-104 na mikondo S-111, kwahiyo ule upuuzi wangu wa kuweka 12 mashine ikaruka 20 unaweza kwisha, palipo na data. Palipo na data! Hilo ndo swali la kumrudishia muuzaji, njia yangu ya Moroni na Mahajanga data hizo zipo au ninunue gari la umeme kijijini hakuna umeme?

Upande wa pili siwezi kumwambia akae tu na karatasi zake. Waingereza, ambao chati zao ndo zinatumika sana pwani hii, walitangaza 2022 kwamba wanaacha chati za karatasi ifikapo mwisho wa 2026, kelele zikawa nyingi wakasogeza mpaka angalau 2030. Itafika siku karatasi haipatikani. Kwahiyo nimemwambia aanze na watu, apeleke maofisa wake wawili darasani kwa pesa ndogo, Bandari Maritime Academy iko hapohapo Mombasa, DMI, chuo cha mabaharia, iko Dar, aulize wana mashine gani na nani anafundisha, ndo baadae aongelee kununua.

Hiyo PDF nilikuwa nataka kuifuta lakini ukurasa wa saba ukanikamata. Sijui kama ni watu walewale au kitabu kinatembea chenyewe toka ofisi moja kwenda nyingine. Sampuli ya taratibu za briji, nembo ya kampuni ya binamu juu, na katikati pale: seifti kontua mita 30 kwa meli zote. Nikaenda steshenari ya mtaani nikaiprinti, nikatafuta kwenye boksi la zamani mpaka nikaipata ile kalamu ya zambarau, wino umekauka nikailowesha kidogo, nikazungushia, nikapiga picha nikamtumia.

Kajibu "hiyo ni nini tena kaka?"

Nikamwambia nipigie.